Mama Pua na Gunia la Moshi

Asubuhi ile mke wangu aliamka kabla yangu, kama siku zote. Nilimsikia nyuma ya nyumba akifunua majani ya migomba juu ya sanduku letu la kuvundikia kakao. Nikatoka. Alikuwa amekunja mkono wa gauni, mkono umezama kwenye mbegu mpaka kiwiko, macho ameyafumba. Hivyo ndivyo alivyopima joto. Kwenye kituo cha kakao alikofanya kazi kulikuwa na kipimajoto. Nyumbani alikuwa na mkono.

Akasema mbegu ni za kugeuza kesho, leo niziache zilale. Nikasema sawa. Kamba ya kandambili yake ilikuwa imekatika, nikaifunga kwa waya. Akaijaribu hatua mbili tatu pale uani, akasema mimi ni fundi mzuri ila nachelewa kuitwa. Akachukua kisu chake kidogo cha kukatia mbegu, akaenda kazini. Sikumsindikiza. Mtu anayekwenda mwendo wa dakika ishirini hasindikizwi.

Saa nne akaja jirani. Tunamwita Redio, maana akiwa na habari huanza kuitangaza tangu barabarani. Siku hiyo aliingia uani kimya, akavua kofia. Nikajua.

Mke wangu alianguka kwenye meza ya ukaguzi, katikati ya gunia la mtu, kisu mkononi. Daktari alisema ni mshipa wa kichwa na kwamba hakusikia maumivu. Amejuaje, sikumuuliza.

Ni miezi saba sasa. Chama chetu cha wakulima kinatengeneza kitabu, kwa kuwa kituo cha kakao kimetimiza miaka mitano. Katibu aliniletea karatasi yenye maswali juu ya mke wangu: alizaliwa lini, alisoma wapi, alipata mafunzo gani. Nimeirudisha. Tarehe ya kuzaliwa hakuijua. Shule aliipita njiani akienda kuteka maji. Mafunzo walimpa, lakini nusu yake aliwafundisha wao. Mimi herufi nilizijua ukubwani, tena kwa shida, kwa hiyo sitaandika mengi. Nitaandika nilivyomwona.

Jina la Mama Pua alipewa na mwenye mashine ya kusaga. Alimwambia yule bwana kwamba ndani ya mashine yake kuna panya aliyekufa. Bwana akamfokea mbele ya watu, akamuuliza kama amekuja kusaga au kumharibia biashara. Siku ya tatu akamtoa panya mwenyewe kwa koleo. Toka hapo ikawa Mama Pua, mpaka watoto wetu wenyewe wakamwita hivyo. Hakuchukia. Alisema afadhali Mama Pua kuliko Mama Mdomo, akamgeukia mke wa Redio akamuuliza habari za nyumbani.

Wakati huo kakao tuliuza mbichi. Magari ya walanguzi yalifika mpaka njia ya shamba. Unapasua ganda, mbegu na ute wake zinaingia kwenye ndoo, gari linaondoka. Kakao inapata ladha yake ikivundikwa siku sita na kuanikwa mpaka ikauke. Sisi hilo hatukulijua, na waliolijua hawakuwa na sababu ya kutuambia.

Yeye alilijua kwa bahati. Kuna ndoo ilisahaulika chini ya migomba. Siku ya nne mimi nilitaka kuimwaga, inatoa jasho na inanuka siki. Akanishika mkono. Akainama, akanusa muda mrefu, akasema, "Hii haijaoza. Inapika." Akaifunika. Tangu siku ile kila msimu alitenga ndoo mbili za kwake, akavundika, akaanika, akatia kwenye kibuyu. Hakuna aliyezinunua. Watu walisema mke wangu anatunza kakao kama mahari. Mimi nilimtetea kidogo, si sana. Mdomo wangu mzito.

Halafu ukaja ubia.

Tuliitwa darasani, Jumamosi, watu wazima tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa videvu. Mbele walisimama wawili. Mmoja ni Bwana Shamba, afisa kilimo wa serikali, ambaye tulimjua. Mwingine ni mwanamke kijana aliyetumwa na kampuni inayonunua kakao. Tukamwita Dada wa Kampuni. Wakaeleza. Serikali italeta jengo, itachonga barabara, itamlipa Bwana Shamba. Kampuni italeta masanduku ya kuvundikia, vichanja vya kuanikia, na mnunuzi wa nje. Sisi tutaleta kakao na mikono, na tutakuwa na sauti kupitia chama.

Redio akasimama. Akauliza, serikali na kampuni zikioana, sisi ni watoto wa nani. Darasa zima likacheka. Bwana Shamba akasema ninyi ni mahari, na watu wakacheka zaidi, ila mke wangu hakucheka.

Dada wa Kampuni akasubiri tutulie. Akasema hatatudanganya. Mzigo wa kwanza, magunia mia mbili, utapimwa huko nje. Kakao inanyonya harufu kama kitambaa, na gunia moja lenye harufu mbaya linatosha kuchafua mzigo wote. Mzigo ukishindwa, kampuni itafungasha vyombo iende wilaya nyingine, na serikali peke yake haina uwezo wa kuendesha kituo. Ukipita, mkataba ni wa miaka kumi.

Ndipo mke wangu akanyanyua mkono. Aliuliza swali moja: nani atakayesema gunia ni zuri kabla halijaondoka hapa, maana huko nje wakisema ni baya tutakuwa tumeshachelewa.

Wiki iliyofuata wakaweka mabakuli matano ya kakao kavu mezani. Moja lilikuwa limelazwa karibu na mafuta ya taa. Waliosoma walinusa wakakisia. Mke wangu akapita mara moja tu, akaweka kidole kwenye la tatu. Kisha akarudi kwenye la tano, akasema, "Na hili limekaa na vitunguu." Dada wa Kampuni akabisha. Akafungua mkoba wake, akakuta vitunguu alivyonunua asubuhi, akacheka mpaka akakaa.

Meza wakampa yeye.

Kazi yenyewe ni hivi. Kila gunia lina namba, halina jina, ili mkaguzi asipime mtu. Anachota mbegu hamsini, anazikata katikati moja moja. Ya kahawia imeiva. Ya kijivu au zambarau haijaiva. Halafu anachota ukufi, anaupumulia kati ya viganja upate joto, ananusa. Walimpa koti jeupe. Alilifua kila jioni na kulianika ndani, lisipate vumbi. Nilimtania kwamba ameolewa na kituo. Akasema kituo hakikoromi.

Zilipobaki siku kumi mzigo utoke, mvua ikaanza. Ilinyesha wiki nzima. Kituoni masanduku yote yalikuwa yamejaa, na mbegu hazingoji, lazima zigeuzwe kwa siku yake. Akahamia huko na wanawake wawili wengine. Nyumbani nikabaki peke yangu na kakao yetu. Yeye alishaivundika, mimi kazi yangu ilikuwa kuianika tu. Ilikuwa juu ya kichanja chini ya karatasi ya plastiki, imekauka nusu, na jua hakuna.

Nilikuwa naifunua asubuhi naitazama. Nikaona doa la ukungu, nikalifuta. Kesho yake mawili. Nikawaza atarudi amechoka akute kakao yake imeharibika mikononi mwangu, gunia letu tu ndilo halimo kwenye mzigo aliouhangaikia.

Mimi nimelima mahindi toka utoto. Mahindi ya mbegu tunayatundika juu ya jiko, msimu mzima yanakula moshi, na ndivyo yanavyopona. Wadudu hawayagusi, mvua haiyatishi. Sijawahi kusikia moshi umeharibu mbegu. Basi nikawasha moto chini ya kichanja. Kuni zilikuwa mbichi. Nilikaa pale siku mbili nikipuliza, machozi yanachuruzika, nikijiona hakuna mume kama mimi. Mbegu zikakauka zikawa zinalia mkononi kama kokoto. Nikazitia kwenye gunia, nikalifunga kwenye baiskeli, nikalipeleka mwenyewe. Harufu sikuisikia. Pua yangu ugoro uliimaliza zamani.

Namba niliyopewa ni arobaini na moja.

Siku hiyo mvua ilikuwa imekatika na watu walikuwa wengi, foleni imetoka nje ya mlango. Mke wangu alikuwa mezani na koti lake. Wiki nzima hatujaonana. Aliniona, akatabasamu kwa jicho, akaendelea. Bwana Shamba alikaa pembeni yake na muhuri. Dada wa Kampuni alisimama nyuma na daftari.

Likafika langu. Akakata mbegu hamsini. Zote kahawia, zimepasuka ndani vizuri. Bwana Shamba akawa ameshanyanyua muhuri. Mke wangu akachota ukufi, akapumulia, akanusa. Akamwaga, akachota kutoka chini kabisa ya gunia, akanusa tena. Mimi nilidhani anafurahia.

"Moshi," akasema. "Hili lisiingie."

Redio alikuwa nyuma yangu. "Mama Pua, leo imeziba? Hilo ni la mzee wako."

Watu wakacheka. Yeye akasema, bila kupandisha sauti, "Ni la nani najua. Na moshi naujua."

Kicheko kikakatika. Bwana Shamba, ambaye hakuwa mtu mbaya, akajaribu kulainisha. Akasema gunia moja katika mia mbili si kitu, lianikwe juani siku mbili liletwe tena. Mke wangu akamjibu kwamba moshi ukishaingia kwenye kakao hautoki. Kisha akamnyooshea Dada wa Kampuni kiganja. Dada akanusa. Akatazama chini, akatikisa kichwa kukubali. Mke wangu akachukua chaki nyekundu, akachora msalaba juu ya gunia langu. Nilikuwa nautazama mkono wake tu. Akaita arobaini na mbili.

Nilirudi nikisukuma baiskeli. Jua lilikuwa limewaka, lile nililolingoja wiki nzima. Njiani wakaniuliza mbona narudi na mzigo. Nikasema mizani imeharibika. Ilipofika jioni Redio alikuwa ameshaitengeneza hiyo mizani, kila nyumba inajua.

Mimi kwa kawaida si msemaji. Lakini kimya changu cha kawaida ni kimya cha mtu aliyetulia. Kile cha baada ya gunia kilikuwa fimbo, na nilijua nampiga. Aliporudi nyumbani sikumpokea mzigo. Alipika, nikala nimeelekea ukutani. Akiniuliza mbuzi amekula nini, namjibu mbuzi. Aibu ya kuvuliwa nguo mbele ya foleni niliweza kuimeza. Kilichonikwama kooni ni kwamba hakuniuliza kwa nini niliwasha ule moto. Nilitaka aulize. Nilikuwa na jibu tayari, nimelipanga vizuri, nikaliweka nikingoja swali.

Kakao ile aliimwaga mwenyewe kwenye mashina ya migomba, ndoo kwa ndoo. Sikumsaidia.

Baada ya miezi miwili majibu yakaja kutoka nje. Mzigo umepita wote, daraja la kwanza, hakuna gunia lililorudishwa. Nilisikia kelele za watu kituoni kutoka shambani. Yeye akaja nyumbani na koti lake bado mwilini, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Akasimama mlangoni.

"Umepita," akasema.

"Vizuri," nikasema.

Hapo ndipo tulipoanza tena kuongea. Tuliongea juu ya mvua, mbuzi, mtoto wa binti yetu aliyezaliwa mjini, barabara iliyochongwa, paa tulilobadilisha. Ubia ulishika. Bwana Shamba alipanda cheo akahamishwa, akaletwa mwingine. Chama kikapata kiti mezani wanapopanga bei, na mara mbili wakamtuma mke wangu kukikalia. Walanguzi waliacha kuja, au walikuja wakanunua maganda tu, Redio anasema. Wakulima wa wilaya mbili za jirani waliletwa wamwone anavyonusa. Kwangu aliendelea kuwa yule yule, mkono kwenye sanduku, macho kafumba. Juu ya gunia hatukusema neno. Miaka minne. Tulilizunguka kama watu wanavyozunguka kisiki uani mpaka wanasahau kwamba wanakunja njia.

Sasa nyumba imekuwa kubwa. Binti yetu alinichukua mjini baada ya mazishi. Nikakaa wiki mbili. Wananijali sana, hawakuniacha nishike hata fagio. Nikarudi. Aliuliza nitarudi kwa nani. Nikasema kuna kakao.

Naivundika mwenyewe. Natia mkono mpaka kiwiko, nasikia joto tu, halinielezi kitu. Nageuza siku ya pili na ya nne kwa kuhesabu vidole. Kituoni kuna mkaguzi mpya, msichana mwenye heshima, amesoma, ana kifaa. Gunia langu la mwisho alilipitisha. Nikasimama pale mbele ya meza kama mtu anayesubiri chenji, mpaka akaniuliza, "Babu, kuna kingine?" Hakuna, nikasema.

Jioni nakaa kibarazani. Watu wanapita, wananisalimia, naitika. Redio huja akae. Zamani sikuweza kumnyamazisha, siku hizi anakaa kimya kwa kunihurumia, na hiyo inanichosha kuliko maneno yake. Nilimwambia juzi atangaze chochote. Akasema habari hakuna.

Koti jeupe la mke wangu waliniletea likiwa limekunjwa, hawakulifua. Dada wa Kampuni ndiye aliyelileta, alisafiri siku nzima. Akasema hawakulifua kwa makusudi. Alipoondoka nikalifunua, nikaliweka usoni. Watu wengine wangepata kitu pale. Mimi sikusikia chochote, kitambaa tu. Ugoro nimeuacha tangu siku hiyo. Wanasema pua huwa inarudi. Bado.

Nilisema hakuniuliza kwa nini niliwasha moto. Ni kweli, hakuuliza. Lakini kuna siku moja nimeiruka hapo juu, na kama ningeiacha kitabu kingekuwa cha uongo. Ilikuwa siku ya kumi na tatu ya kununa kwangu, mchana, majibu hayajaja, hakuna aliyejua kama mzigo utapita au tutarudi kwa walanguzi. Nilikuwa kibarazani nachonga mpini. Akatoka ndani, akakaa chini karibu na miguu yangu, akanitazama usoni, akasema maneno yake yote kwa mpigo. Alipomaliza nikainuka, nikaenda kumhamisha mbuzi ambaye nilikuwa nimeshamhamisha. Sikumjibu siku ile. Baadaye nikaona nitamjibu siku nyingine, kazi zikiisha, na kesho zilikuwa nyingi.

Katibu, hapa naomba usirekebishe kitu. Alisema hivi:

"Ule moto najua uliuwasha kwa ajili yangu. Ningekuwa na pua yako na mimi ningeuwasha. Lakini ningelipitisha lile gunia, Mzee, ningekuwa nakunusa kila unapoingia mlangoni, na mimi sikuolewa nije kukukagua. Basi nuna mpaka utosheke. Ukimaliza, ingia ndani, chai ipo kwenye chupa."